Nilisema Alikuwa na Woga

Jumatatu. Ukungu umegoma kuondoka Karatu tangu asubuhi, na baridi ni ile ya kunywa chai ukiwa umejifunika blanketi. Nimeshinda peke yangu. Tena.

Ofisi yangu ni chumba cha pili cha nyumba ninayopanga. Jirani yangu, Mama Neema, amepita na jembe lake, akanichungulia dirishani. "Leo tena hujaenda kazini? Pole mwanangu, Mungu atafungua mlango." Huu ni mwaka wa pili ananipa pole. Nimechoka kumweleza kwamba niko kazini.

Nieleze hapa, huenda kuna mtu anasoma. Kampuni yetu huandaa siku za ajira kwa wanawake wa teknolojia. Tunakodi ukumbi, tunaita waajiri, tunaita wasichana, wanakutana. Ilianzia Nairobi, ikaenda Kampala, kisha Kigali. Tanzania ilikuwa majaribio, na mtu wa Tanzania ni mimi tu. Wenzangu wengi nawajua kuanzia mabegani kwenda juu, kwenye kioo cha kompyuta.

Walitaka Dar es Salaam, mimi nikang'ang'ania Karatu. Nikawaambia huku kuna wasichana waliosomea kompyuta Arusha, wamerudi nyumbani wamekaa tu. Wakakubali shingo upande. Jumamosi tukafanya, kwenye ukumbi wa hoteli.

Mmoja wao, Naserian, binti wa Kimaasai, alitoka Kakesio, mbali huko Ngorongoro, safari aliyoianza Alhamisi. Simu yake imepasuka kioo, lakini ndani yake mna programu aliyoitengeneza mwenyewe, ya kuweka kumbukumbu za chanjo za ng'ombe, inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Baba yake hajui kusoma, na anaitumia kwa picha na rangi za ng'ombe wake. Nilipoiona nilisema moyoni, huyu anapata kazi.

Zamu yake ikafika. Waajiri wawili vijana aliwapa mkono bila shida. Kisha mkuu wetu kutoka Nairobi, mzee mwenye mvi na mtu mwema kabisa, akasimama akanyoosha mkono. Naserian akainamisha kichwa mbele yake, akatulia.

Kwa Wamaasai ndivyo kijana anavyomwamkia mtu mzima. Unainama, anakugusa utosini, basi, mmesalimiana. Sisi Wairaqw wa Karatu tumekua nao, tumesoma nao, tunajua. Mzee hakujua. Mkono wake ukabaki hewani, kichwa cha Naserian kikaendelea kungoja, wale vijana wakatazamana. Mwishowe mzee akaurudisha mkono, Naserian akakaa. Baada ya hapo sauti yake haikutoka vizuri, na ile programu akaieleza nusunusu.

Jioni tulipokuwa tunajumlisha alama, mzee akanigeukia. "Wewe ni mtu wa huku. Yule binti alikuwa na nini?"

Nikasema labda alikuwa na woga.

Nilijua. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini mwaka mzima nimewahubiria kwamba wasichana wa huku hawana tofauti na wa Nairobi, nikaona aibu kuanza kueleza mambo ya wafugaji mbele yao. Niliogopa watasema Karatu bado iko nyuma. Niliogopa wataniona na mimi ni bado. Mzee akaandika kwenye fomu: hajiamini.

Leo kundi la kazini limejaa pongezi. Tanzania imepita, mwakani tunaendelea. Majina ya waliochaguliwa yamekuja, la Naserian halimo, na kuwaandikia waliokosa ni kazi yangu. Orodha inafungwa kesho saa sita mchana. Sina wa kusherehekea naye wala wa kumlilia. Nimekula ugali wa jana nimesimama jikoni.

Saa nane meseji ikaingia. "Shikamoo dada. Niko Endulen kwa shangazi, huku kuna mtandao. Yule mzee, nilimkosea nini?"

Nimeisoma mpaka nimeikariri.

Nimemwandikia mzee kwanza. Nilifuta mara tatu kwa sababu kila mara nilikuwa najitetea. Iliyobaki ni fupi: "Mzee, uliniuliza nikakudanganya. Naserian hakuwa na woga. Alikuwa anakuamkia Kimaasai, akangoja umguse kichwani. Nilijua, nikaficha kwa aibu yangu. Naomba asikilizwe tena kabla orodha haijafungwa."

Imesomwa. Saa mbili zimepita, na kundi lote limenyamaza. Huenda ni jioni tu, huenda wameshaambiana.

Naserian nimempigia, hapatikani. Kumwandikia kwamba hakukosea ni rahisi. Kinachonishinda ni sentensi inayofuata, kwamba mle ukumbini alikuwemo mtu mmoja aliyeielewa salamu yake, na ndiye aliyeiita woga.

Hilo haliandikwi kwenye meseji. Kesho napanda gari la Endulen, na naondoka alfajiri, kabla sijajua mzee atajibu nini. Nikingoja jibu zuri la kujifichia ndipo niende, nitakuwa nimemdanganya na Naserian.