Moshi Unanifuata, Bibi

Bibi yangu,

Tangu tukuzike, moshi unanijua. Usinicheke. Nikikaa kulia kwa jiko, unakuja kulia. Nikihama, nao unahama. Mama anasema ni upepo wa mto tu. Lakini jana hata majani ya mgomba yalikuwa yamelala, na moshi ukaniinamia mimi peke yangu, polepole, kama ulivyokuwa ukiniinamia kunifunga leso.

Nina neno la kukuambia. Neno lenyewe ni "susceptible."

Unakumbuka kliniki kule Garsen? Yule daktari kijana aliniona na sare ya shule, akasema kwa Kiingereza kwamba wewe ni very susceptible, nikueleze. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Ukaniuliza, "Asemaje, mke mwenzangu?"

Sikulijua lile neno, Bibi. Nikaona haya kuuliza. Nikakwambia, "Anasema mapafu yako yana nguvu."

Ulivyofurahi! Ulizunguka kijiji chetu kizima cha Kau ukijigamba: "Mapafu ya msichana haya! Muulizeni mjukuu wangu, ndiye ajuaye Kizungu." Ukarudi kwenye kichanja chako, kukausha kambare juu ya moshi asubuhi hadi jioni, ukikohoa, halafu unacheka. Mavuno ya mpunga hukuyaona.

Juzi mwalimu aliliandika lile neno ubaoni. Ni mtu anayedhurika upesi na kitu ambacho wengine wanakistahimili. Akasema kitu hicho kinaweza kuwa ugonjwa, baridi, hata maneno matamu. Mfano wa mwisho aliotoa ulikuwa moshi. Hapo hapo jirani yangu wa dawati akanusa mkono wa sare yangu. "We, umetoka kukausha samaki?" Na sare nilikuwa nimeifua.

Sijamwambia mtu. Ni wewe tu.

Sasa Mama ndiye yuko kichanjani. Na Zena, mdogo wetu wa mwisho, anakohoa kikohozi chako. Chako kabisa, Bibi, na kile kicheko mwishoni. Ana miaka mitatu. Amekitoa wapi?

Kesho tunampeleka kliniki, na Mama anasema mimi ndiye nitakayezungumza na daktari. Nitauliza kila neno, hata wanicheke mlango mzima. Lakini leo, kabla jiko halijawashwa, nitamwambia Mama nililokufanyia.

Nikishasema, ukitaka kuendelea kunifuata, nifuate. Nitakaa, sitahama tena. Ila Zena muache.

Pumzika, Bibi.

Ni mimi, mke mwenzako.