Majina Yaliyobaki Nje ya Boksi

Jumatano, Kituntu

Na mimi ndiye niliyesema herufi ziongezwe, wazee wasome bila taabu. Binti yangu Asimwe, anayechapa kwenye stesheneri pale Kayanga, akanisikiliza. Alihamisha wasifu wa marehemu baba mkwe kutoka Word, akauweka kwenye ukurasa wa ratiba ya mazishi. Herufi zilipokua, maneno hayakuenea kwenye boksi la maandishi. Ya mwisho yakajificha.

Ya mwisho ni sisi. Marehemu mume wangu alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo yeye, mimi na wanangu tuliorodheshwa mwishoni.

Leo wasifu umesomwa kaburini. Hatumo.

Jioni, pale stesheneri, Asimwe akamfungulia wifi yangu kompyuta. "Shangazi, tazama, majina yapo. Boksi tu lilikuwa dogo."

Wifi akacheka mbele za watu. "Hata kompyuta inawajua watoto wa kuokota!"

Jumamosi ukoo unakaa kugawa kibanja, shamba la migomba la baba mkwe. Migomba ile naipalilia mimi. Tukifukuzwa sijui nitawalaza wapi wanangu.

Wifi anataka nakala zaidi za ratiba ileile, aende nazo kikaoni ziwe ushahidi kwamba hatumo. Bosi wa Asimwe ameshaipokea kazi. Atakayezichapa kesho ni Asimwe, na ameambiwa asiguse hata nukta.