Maneno Niliyoyaruka Kwenye Wosia wa Baba

Lavenham, 1592

Mama mdogo Thomasine,

Sijamwambia mtu: nilipomwandikia baba wosia, niliruka maneno aliyotaka baba mkubwa Ambrose yawemo, kwamba mama akiolewa tena ahame nyumba.

Nikawasomea mashahidi kando ya kitanda cha baba mgonjwa. Baba mkubwa alikuwa nje na farasi wake. Baba hakujua kusoma, lakini alisikia.

"Ursula, rudia hapo pa mama yako."

Nikarudia. Nyumba ni yake, ng'ombe mwekundu ni wake, atulee humo.

"Shule imekufaa, we mtoto. Mimi nilimwogopa kaka yangu," akasema, akachora alama yake, mkasi wa fundi nguo. Sijawahi kumpenda vile.

Tulimzika Jumanne. Baba mkubwa anadhani baba aliamua mwenyewe. Tafadhali, aendelee kudhani hivyo.

Mwanao,
Ursula