Kabula, Umeandikwa wa Kwanza na Umenyamaza

Kabula, mke mwenzangu,

Huoni haya? Wachezaji wa nchi nzima wamekuchagua ukawasemee kwenye kamati ya chama cha taifa cha gemu, na kikao cha kwanza tu umetiwa peremende mdomoni. Unaimung'unya, unatabasamu. Nimekulea mimi, na hivyo sikukulea.

Nakuandikia kwa mkono wangu huu huu wa darasa la nne. Baba yako mdogo ataipiga picha hii karatasi na kuituma kwenye lile kundi lenu la simu, wachezaji wote waisome. Usimnunie. Nimemwamuru mimi.

Jumapili ulinipigia ukicheka. "Bibi, nimeingia timu ya taifa! Jina langu ndilo la kwanza!" Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Babu yako, mume wetu, alitoka ndani bila shati akidhani kuna harusi. Ndipo nikakuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: "Umemfunga nani?"

Ukasema safari hii hakuna mchujo, kamati imekaa na kuandika majina.

"Na Neema wa Tura?"

"Hayumo, Bibi."

"Wewe ukasemaje?"

Ukaniambia mtandao unasumbua. Mtandao! Nilikuwa nakusikia mpaka unavyomeza mate.

Neema huyo simjui kwa sura. Namjua kwa mdomo wako. Ni wewe uliyenisimulia kuwa anauza karanga pale stesheni ya Tura, treni ikishaondoka anashika simu yake iliyopasuka kioo anafanya mazoezi, na kwamba amekufunga mara mbili, ya pili ukalia. Leo hayumo, wewe umo, na hakuna aliyecheza na mwenzake. Baadaye ukaniandikia ujumbe: "Bibi, mimi ni mgeni pale. Nikianza na ugomvi wataniona mkorofi. Ngoja kwanza nizoeleke, nitawasemea nikiwa ndani." Nimeusoma mara tatu. Nilisoma polepole, lakini nimeuelewa.

Hebu kumbuka Sikonge. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekutuma chumvi, jua linageuka na chumvi sijaiona. Nikaja na fimbo mpaka kwenye kile kibanda cha gemu nyuma ya fundi baiskeli. Nikakukuta umezungukwa na wanaume wenye ndevu. Mmoja akanipokea kwa kelele: "Shikamoo Bibi! Huyu mjukuu wako ametufunga sita!"

"Marahaba. Sita tu? Na nyumbani hatuna chumvi?"

Walicheka, nami nikakaa kwenye kreti la soda nikuone ukimaliza. Sheria ya kibanda ilikuwa moja: anayefungwa anainuka, anampisha mwenzake. Akaja mpwa wa mwenye kibanda, ukamfunga, na hakuinuka. Alishikilia pedi ya kuchezea, eti mjomba wake ndiye mwenye runinga. Wewe ukaweka pedi yako chini ukasema, "Basi hatuchezi." Ukakunja mikono. Wale wenye ndevu nao wakakunja mikono, mmoja mmoja, mpaka mpwa wa watu akainuka na uso wake mrefu. Chumvi tulinunua wote wawili tukirudi, na fimbo nikaitupa njiani. Watu walikuchagua kwa sababu ya moyo ule. Vidole vyepesi wanavyo wengi.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia kwa mdomo wangu.

Unakumbuka ile siku ya soko la tumbaku, ulipokuwa na miaka tisa? Wanachama wa chama chetu cha msingi cha wakulima, Ipole, walikuwa wamenichagua nitembee na mteuzi, yule anayepita kwenye mistari ya marobota na kutaja daraja la kila moja. Kazi yangu ilikuwa kubisha, akishusha robota la mtu bila haki nami niseme. Asubuhi ile mteuzi alinipokea kwa heshima zote. "Bibi, tuanze na la kwako, jua lisije likakuchosha." Akalitajia daraja la juu kabisa. Kabula, mimi ndiye niliyelifunga lile robota. Chini nilikuwa nimepanga majani yaliyoungua kwenye bani, lile banda la kukaushia. Mkono wake haukufika chini, na mimi sikumwambia aufikishe. Nilitabasamu.

Tukafika kwenye robota la Mama Shija, jirani yetu. Majani yake yalikuwa marefu, ya dhahabu, hata kipofu angeyajua kwa kuyashika. Mteuzi akayashusha madaraja mawili. Nikafungua mdomo. Akanigeukia kwa upole: "Bibi, kuna tatizo?"

Nikasema, "Hakuna."

Nilijiambia maneno yako yale yale. Ngoja nizoeleke kwanza. Robota la tano, la kumi, la ishirini, bado nazoeleka. Tulipokuwa tunarudi umekaa nyuma ya baiskeli ukaniuliza, "Bibi, mbona tumbaku ya Mama Shija ilikuwa nzuri kuliko yetu?" Nikakujibu, "Shika vizuri, utaanguka." Leo ndiyo nakujibu: ndiyo, ilikuwa nzuri kuliko yetu, na niliuza mdomo wangu nikiwa na akili timamu.

Msimu uliofuata nilisimama mkutanoni nikayasema yote. Walinizomea vizuri tu. Mama Shija alisimama mikono kiunoni: "Kumbe nilimchagua mtu akatembee na mteuzi, akaenda kutembea na robota lake!" Halafu akacheka, na wote wakacheka, nami nikacheka huku nimeinama. Siku hiyo hiyo tukaweka sharti: robota la mwakilishi linatazamwa la mwisho, watu wote wakishapita. Mpaka leo liko hivyo. Na Mama Shija mpaka leo hanitaji jina. Tukikutana kanisani ananiita Daraja la Kwanza mbele ya mchungaji, bila haya.

Usidhani nimekasirika sana. Najivunia wewe kupita kiasi. Njia hii ya Ipole wazee wetu waliitembea na mizigo kichwani hadi pwani, na wewe umefika huko na vidole vyako, unakaa meza moja na wanaume wenye tai. Babu yako ametangaza kijiweni kwao kwamba mke wake mdogo ni kiongozi wa taifa. Nimemwacha aringe. Ila nataka aringie kitu cha kweli.

Basi nisikilize. Alhamisi kikao kinakaa tena. Vaa lile gauni la bluu, ingia, salimia wakubwa kwa adabu. Kabla chai haijamiminwa, sema jina lako lifutwe mpaka mchujo uchezwe, na waliotoka mikoani waitwe wote. Wakikuuliza kama kuna tatizo, sema lipo, ulitaje kwa jina. Wakikuona mkorofi, wamwone mkorofi aliyekaa wima. Kisha cheza. Ukishinda, nenda na timu. Ukifungwa, inuka umpishe mwenzako na umpigie makofi yasikike.

Na weka simu sikioni sasa hivi, umwambie Neema ajiandae kupanda treni. Mimi usinipigie kabla yake.

Bibi yako mzaa baba,
mke mkubwa