Papa Anataka Kuniona

Jumatatu, 7 Julai

Umeme hakuna Kisangani nzima tangu asubuhi. Nimepiga pasi kwa makaa. Sketi za shule tayari, bado vifungo. Mama Chantal amekuja kulalamika kwamba mikono ya gauni lake inabana. Ni mikono yake iliyonenepa. Nimesema nitaipanua.

Semeki Dieudonné amepiga simu kutoka Yanonge. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, Floribert. Nilidhani ana habari za Merveille, binti yangu, ambaye yuko kwa bibi yake kule tangu tulipomzika Floribert. Akasema: "Papa anataka kukuona." Nikacheka. Baba mkwe alikufa kabla sijaolewa. Yeye hakucheka.

Vifungo sijamaliza.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia tena, nimeelewa. Papa ni mti.

Uko msituni nyuma ya kijiji chao. Ukoo mzima huuita Papa. Huusalimia, na hakuna apitaye mbele yake na kofia kichwani. Floribert aliwahi kunisimulia, nikadhani ni masimulizi ya kwao tu. Mtu akifa kijana na watu wakaanza kunong'ona, anayeshukiwa hunyweshwa maji ya gome lake. Asiye na hatia hutapika, akaenda zake. Mchawi huanguka palepale.

Wanasema nimemla Floribert. Daktari alisema ini. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko hadi siku ya mwisho. Kumbe nilikuwa namla.

Naogopa.

Jumatano, 9 Julai

Padri: nisiende, ni dhambi, tena ni sumu. Asante sana. Yeye hana mtoto Yanonge.

Polisi: afisa ameuliza kama nina mafuta ya boti.

Dieudonné tena: "Kama uko safi, unaogopa nini? Mutoto haiwezi kurudia kwa mulozi." Basi nisipokwenda nimekiri, na Merveille simpati tena. Nikienda, nakunywa. Nimekasirika hadi nimevunja sindano ya cherehani.

Kibaya zaidi, Dieudonné hanidanganyi. Alikuwa analia kwenye simu. Alimpenda kaka yake, na mti anauamini. Angekuwa mwongo ningejua la kumfanya.

Ijumaa, 11 Julai

Yanonge. Nimekuja kwa mtumbwi wa injini, nimebanwa kati ya magunia ya chumvi na kuku.

Merveille alinikimbilia. Wakamwita arudi. Akarudi. Mtoto wangu wa kumzaa! Wamekwisha kumfundisha kuniogopa. Hilo limeniuma kuliko yote.

Mama mkwe hajanitazama. Huyu aliyekuwa akinisuka nywele kila nikija. Na ndiye atakayekata gome. Kazi hiyo ni ya mwanamke aliyekoma kuzaa, na katika ukoo amebaki yeye peke yake. Kesho tutaingia msituni wawili tu, maana lazima mti umwone anayeshtakiwa. Wanaume watangoja njiani.

Nimekatazwa kula.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike upesi, kabla sijaanza kujiambia kwamba sikuona.

Njiani alinieleza, bila kugeuka. Gome likianguka tumbo juu, upande wa ndani ukionekana, Papa amekubali kuhukumu, nami nitakunywa. Likianguka kifudifudi, amekataa. Kesi imekwisha, na hakuna ruhusa ya kumuuliza tena.

Nilijiambia nitaona mti tu. Mimi ni Mkatoliki, nina diploma ya ushonaji. Mti una shina pana kuliko mlango wa kanisa, na makovu ya gome kila upande, ya zamani na mapya. Nilipofika mbele yake nilihisi natazamwa. Na mtu asiye na haraka. Nilijikojolea kidogo. Nimeandika, basi.

Mama mkwe alivua viatu. Akaweka chumvi kwenye jani, akapiga magoti. "Papa, mwanamuke ya mutoto yako iko hapa. Umuangalie." Alisema kwa adabu, vile mtu anavyobisha hodi kwa wakwe. Akainuka, akapiga panga.

Gome likaanguka. Tumbo juu. Jekundu, bichi, linang'aa. Niliona. Naye aliona.

Nilimfikiria Merveille, nani atamsuka.

Mama mkwe aliutazama mti. Kisha akanyoosha mguu wa kulia, na kwa kidole gumba akaligeuza gome kifudifudi.

Ndipo akawaita wanaume. "Papa amekataa." Dieudonné akaja, akalitazama gome, akaanguka magotini pangu. "Yaya, dada yangu, unisamehe." Alilia mpaka kamasi. Nilikuwa nautazama mguu wa mama yake.

Jumapili, 13 Julai

Mtoni, tunarudi Kisangani. Merveille amelala mapajani mwangu. Mama mkwe tumekuja naye. Amewaambia anakuja kupimwa macho. Macho yake ni mazima.

Injini ilipopiga kelele alinisogelea sikioni. "Mi sijue kama ulimukula mwana yangu. Lakini kuzika mara moja inatosha."

Nami nilikuwa nimejiandaa kumwambia asante.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua ndogo. Magauni mawili yamechukuliwa.

Mama mkwe bado yuko nasi, Yanonge hataji. Ananikunjia nguo, anamfundisha Merveille kusuka mkeka. Kila jioni anakaa uani na beseni, anaosha mguu wa kulia. Huo mmoja tu. Kwa sabuni, kwa jiwe, kwa muda mrefu. Merveille alimuuliza, akajibiwa ni tope. Kwenye kidole gumba ngozi imeanza kutoka.

Leo alipokaa nilimnyang'anya jiwe. Nikapiga magoti, nikamwosha mimi, kwa mkono tu. Aliniruhusu. Mguu ulikuwa wa baridi, unatetemeka. Nikaushika hivyo mpaka ukatulia.