Jina Lako Kwenye Fomu ya Mama

Pangani, Kibaha,
9 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Silvanus,

Shikamoo. Habari za huko Ubelgiji? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tupo, mume wangu Magembe na kikohozi chake, mimi na kazi yangu pale Tumbi. Nimeandika barua hii kwa mkono, binti yangu Atupele ataipiga picha akutumie leo leo. Kwenye simu unanizungusha mpaka nasahau nilichotaka kuuliza.

Kwani kazi yako hasa ni nini? Ulikwenda chuo uwe mchungaji, usharika mzima tukakuchangia. Ukageuka mwalimu wa maadili ya Kikristo. Sawa. Halafu ukasema ni maadili ya tiba, unakaa na madaktari mnaamua lipi ni halali kumfanyia mgonjwa. Mchungaji na sindano wapi na wapi! Usinichukie, lakini machale yalinicheza tangu siku ile.

Jumamosi nilikwenda Kibuta kumwona Mama. Nimemkuta na kizunguzungu, anatembea kwa kushika ukuta. Kumbe kuna watafiti wanapita kila mwezi kuchukua damu za wazee. Nikaomba fomu yake ya ridhaa niisome. Dole gumba la Mama liko pale, na chini yake jina lako: mwenyekiti wa kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti.

Mbona hukutuambia? Au ulijua watafika kwetu ukanyamaza? Jirani yake, Mwanamvua, alikataa na hakuna aliyemgombeza. Mama aliposikia jina lako likisomwa, alivaa kitenge cha kanisani akawa wa kwanza kwenye foleni.

Nilimuuliza kwa nini asikatae, na hali yake anaijua. Akasema tangu uondoke hujamwomba kitu hata kimoja, sasa akunyime damu?

Haya, Profesa, hiyo ndiyo ridhaa mnayofundisha? Nimemweleza kwamba si wewe unayeomba. Hanisikii, anadhani nakuonea wivu. Pengine kweli ninao kidogo. Lakini Alhamisi hii wanarudi, na Mama damu ya kutoa hana.

Magembe anakusalimu, nawe nisalimie wifi. Mungu awatunze nyote, na kama nimekushuku bure, anisamehe. Ila mpigie Mama wewe mwenyewe kabla ya Alhamisi. Mwambie akikataa hutakasirika.

Mdogo wako akupendaye bado,
Adventina