Mwekee Mume Wangu Mkate

2 Februari

Kipusa wangu,

Pokea salamu za wazee wako. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kama mlango usiotiwa mafuta. Na wewe je, na hiyo kazi ya kufua mashuka ya hoteli? Sabuni haijakuchubua mikono?

Mama yako mwilini hajambo. Kichwani ndiko mambo yanakozidi. Hakai tena, mwanangu. Akiamka anatembea: chumbani, sebuleni, jikoni, mlangoni, kisha anaanza upya. Ualimu umemganda, anakagua nyumba kama anakagua madawati. Nikimvutia kiti ananiambia, "Kaa wewe, mimi nina kazi." Na chakula cha mezani kinataka mtu aketi, basi hakigusi. Amekonda mpaka pete ya ndoa ameihamishia kidole gumba.

Jikoni nimeshindwa. Nikisimama kwenye jiko, yeye keshafika barabarani na kandambili mguu mmoja. Nikimfuata, sufuria inaungua. Jana nilimrudisha kutoka kituo cha basi, tukakuta moshi unatoka dirishani na jirani amevunja kitasa ili azime gesi. Mtu mmoja anakuwaje mahali pawili?

Ningekupigia, ila masikio yangu na simu hayapatani.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo baba,

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya chai, na chai yenyewe sikuinywa. Mikono yangu iko salama, usiihangaikie. Mpe pole jirani, na umshukuru sana.

Pamoja na barua hii utapokea jungu la umeme. Linapika polepole, halina moto wa kuwaka wala haliunguzi. Asubuhi chukua nyama ya ng'ombe ya bega, kipande kizima, usikikatekate. Kipake chumvi na pilipili manga. Tandika vitunguu chini, weka nyama juu, mwagia nyanya zilizosagwa na vitunguu saumu, kisha kikombe cha maji. Funika, bonyeza moto mdogo, halafu kamfuate mama popote anapotaka kwenda. Jioni nyama itachambuka kwa uma tu. Ichambue, irudishe kwenye mchuzi wake inywe kidogo, kisha uijaze ndani ya mkate mdogo wa duara. Hiyo ndiyo sandwichi, baba. Inashikwa mkononi. Kama mama hataki kukaa, ale akitembea.

Na usifunue kifuniko! Nakujua.

Ananiulizia? Ananikumbuka?

Mwanao

14 Machi

Kipusa,

Jungu limefika salama, na sisi tupo, tunasukuma siku. Jirani anakusalimu.

Siku ya kwanza nilifunua. Wewe umezaliwa na fundi saa, mtu aliyeishi kwa kufungua vitu aone ndani vinakwendaje. Nilifunua kila nilipopita, mvuke wote ukaishia usoni mwangu, na jioni nyama ilikuwa ngumu kama soli. Nilipomsimulia muuza nyama alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mzee, hilo halina majira ya kurekebisha. Liache!"

Mara ya pili nikajizuia. Tulitoka, mimi na mama yako, tukazunguka mtaa baada ya mtaa tumeshikana mikono, na sikuwaza moto hata mara moja. Tuliporudi nyumba nzima inanukia. Akasimama mlangoni. Umesikia? Akasimama.

"Nani anapika?"

"Mimi."

Akanitazama juu mpaka chini, kama anavyomtazama mzazi aliyefika shuleni bila kuitwa. "Haya, mpishi, tuonyeshe."

Nikampa sandwichi mkononi. Alikula huku akizunguka, mchuzi unamchuruzika hadi kiwikoni, nami nyuma yake na kitambaa. Aliimaliza! Kisha akarudi jikoni, akaninyooshea kidole: "Mwekee mume wangu mkate wake. Akirudi atakuwa na njaa."

Nikamwekea. Nikafunika sahani, na alipojilaza nikala fungu la mume wake.

Tangu hapo anakula kila siku. Mashavu yanarudi.

Baba yako

2 Aprili

Baba mpendwa, shikamoo,

Nimefurahi kusikia anakula, nikawasimulia wenzangu wote wa kufulia, hata wale tusioelewana lugha. Mimi sijambo, kifua kilinibana kidogo kwa huu mvuke, sasa kimeachia.

Lakini mbona hukumwambia kwamba mume ndiye wewe? Unavumiliaje kuitwa mpishi ndani ya nyumba yako?

Nimeomba likizo. Msimamizi anasema hoteli imejaa, nisubiri. Na niseme kweli, baba, naogopa. Naogopa kubisha hodi kwetu nikaulizwa nimetoka wapi.

Halafu swali langu hukulijibu. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma, jibu halimo.

Mwanao

25 Aprili

Kipusa,

Salamu zako zimefika. Kile kifua usikipuuze, vaa kitu cha kukufunika pua.

Swali lako nililiruka, nikidhani hutaona. Anakukumbuka, ila ukiwa mdogo. Anasema ana binti yuko shule, soksi hazimkai miguuni. Barabarani akiona watoto wenye sare anasimama awachambue mmoja mmoja. Kwamba umekuwa mtu mzima na unaandika barua, hilo halimwingii.

Kuhusu mimi, nilimwambia mara moja. "Mke wangu, ni mimi." Alipiga kelele hadi jirani akaja. "Huyu mzee mwongo! Mume wangu ni kijana!" Siku ile hakula kitu kutoka mkononi mwangu. Nikajifunza. Mwongo hakubaliwi kumfunga vifungo. Mpishi anakubaliwa.

Ila hili la mkate likaanza kugeuka. Kila siku anaona sahani imefunikwa, na mume hatokei. Juzi akanishika shati: "Mpishi, niambie ukweli. Ameniacha, si ndiyo?" Akalia, Kipusa, kilio cha msichana aliyeachwa stendi.

Nikamwambia nakwenda kutupa maganda. Nikatokea mlango wa nyuma, nikavaa lile koti langu la kazini, nikazunguka hadi mlango wa mbele nikabisha hodi kwetu. Moyo ulikuwa unanidunda kama siku niliyokwenda kumposa.

Akafungua. Sijui aliona nini, labda koti.

"Umechelewa," akasema.

"Kazi zilikuwa nyingi. Nisamehe."

Akanivua koti mwenyewe. Akafunua sahani, akavuta kiti, na akaketi, mama yako, mezani, ubavuni kwangu, akinitazama nikila.

"Tamu?"

"Tamu sana."

Akaniinamia sikioni asisikike jikoni. "Kapika mpishi wetu. Chumvi anazidisha, lakini ni mtu mwema. Usije ukamfukuza."

"Simfukuzi," nikasema.

Sasa kila jioni natoka mpishi, naingia mume. Jirani ananiona nikizunguka nyumba, anatikisa kichwa. Atikise tu.

Baba yako

9 Mei

Shikamoo baba,

Msimamizi amekubali! Nakuja mwishoni mwa mwezi. Nimeshaamua: nikiulizwa nimetoka wapi, nitasema mimi ni mfuaji mpya, natafuta kazi. Nitamfulia shuka zake, nitakula naye tukitembea. Bora mfuaji aliye karibu kuliko binti aliye mbali.

Mwambie mama mgeni anakuja. Au usimwambie.

Mwanao

30 Juni

Baba yangu,

Nimerudi kazini salama. Pole tena, na tena. Kufika kwetu na kukuta kaburi la mama limefukiwa jana yake ni jambo ambalo bado sijui niliweke wapi moyoni.

Siku zote nilizokaa hukusema kitu zaidi ya "kula, mwanangu". Kila asubuhi ulitia nyama kwenye jungu, kila jioni ukawajazia mikate watu waliokuja kutupa pole, hata wasiotaka. Nilitaka tulie pamoja, wewe ukawa unafuta meza.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Mwanao

28 Julai

Baba, shikamoo,

Jirani anasema u mzima, unafungua mlango ukiitwa. Lakini kwangu kimya. Nimekukosea?

Mwanao

18 Agosti

Kipusa wangu,

Hukunikosea. Mimi ni mzima wa kuhesabika. Kalamu nilikuwa naishika, maneno hayashuki.

Wiki ile ya mwisho koo lake lilisahau kumeza, kama alivyosahau mengine. Nilichambua nyama nyembamba kama uzi, nikalowesha mkate kwenye mchuzi, akauweka shavuni tu. Daktari akasema tusimlazimishe. Nikavaa koti nikabisha hodi, nikitaka mumewe amuage. Hakugeuka. Nikalivua, nikakaa ukingoni mwa kitanda kama nilivyo. Ndipo akanishika mkono.

"Mpishi," akasema, "nenda kapumzike kwako. Na wewe una watu wako."

"Naondoka sasa hivi, mwalimu."

Sikuondoka. Baada ya hapo hakusema tena.

Watu wamenipa pole za kufiwa na mke, nami nimezipokea kwa mikono miwili. Lakini mume, mwanangu, alikuwa amefiwa zamani, alishalia kidogokidogo. Mpishi ndiye aliyekula naye, aliyemfunga vifungo, aliyeshikwa mkono mwishoni. Yeye hakuna aliyempa pole, maana hakuna aliyemjua. Ulipokuwa hapa nilitaka kukueleza, nikaona aibu. Asubuhi namkuta jikoni amesimama, hana wa kumpikia, na hana pa kwenda.

Baba yako

5 Septemba

Kwa mpishi wa mama yangu,

Shikamoo mzee wangu. Natumaini barua hii inakukuta umeketi.

Nilipokuja nyumbani nilimtazama baba tu, wewe sikukuona, na ulikuwepo muda wote. Nisamehe. Pole sana kwa kufiwa. Nasikia mlipatana, na kwamba alikutetea kwa mumewe.

Alikwambia una watu wako. Ni kweli. Basi usiage, usifungashe. Hapo ndipo kwako.

Na leo, tafadhali, mtu mwingine akupikie. Jirani nimeshampigia, akisikia barua hii imefika anakuja na chakula. Mfungulie.

Binti yako